Katani Kwenye Mdomo wa Tangi

Mpaka leo nikiingia duka la vifaa vya ujenzi nikakuta viungo vya mabomba vimemwagwa kwenye kisanduku, hasira hunipanda kabla sijakumbuka nimefuata nini. Wengine wana chuki na nyoka, wengine na mawifi. Mimi chuki yangu ni kile kipande kidogo cha shaba ya njano, upande mmoja kina hesi, yaani yale meno ya kuzungushia, na upande wa pili kina nati na pete ya kubana bomba. Kinatosha kwenye kiganja cha mtoto. Kilinisumbua kuliko kazi yote ya ukunga niliyofanya maishani.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji chetu, upande wa Kwedizinga, na mume wangu alifundisha shule ya msingi palepale kijijini. Zahanati tuliijenga kwa mikono, wanaume wakifyatua matofali, sisi tukisomba maji na mchanga, na ilipokwisha ilikuwa na vyumba viwili, baraza, na bati linalowaka juani. Kisha likaja tangi. Lilishushwa kutoka kwenye lori likiwa ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya wafadhili wa Ulaya, na chini yake lilikuwa na tumbo la kutia kuni. Unawasha moto, maji yanachemka, unafungua koki chumbani kwa wazazi, maji ya moto yanatoka. Mwenyekiti wa kijiji alilitangaza mkutanoni kama vile ameliunda mwenyewe. "Ndugu wananchi," alisema, "mama akijifungua hapa, atakandwa kwa maji ya bomba!" Akina mama wakapiga vigelegele.

Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwao, na ndipo shida yangu ilipoanzia.

Binti yake, wifi yangu, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua. Mimba yake ya kwanza iliishia nyumbani. Mtoto alitoka kimya, na damu ikamtoka mama hadi tukadhani tunazika wawili. Hii ilikuwa ya pili, na mimi nilikwishaapa moyoni kwamba safari hii atajifungulia zahanati, mbele ya macho yangu, nikiwa na sindano na dawa mkononi. Siombi radhi kwa kiapo hicho. Niliona damu ile kwa macho yangu nami nikiwa mgeni tu wa likizo, sina hata pamba.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nikapiga goti nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa lile jambo."

"Nimekuja kwa lile jambo, mama. Tarehe zake zinakaribia."

"Mzazi akishazaa anakandwa," alisema, akiendelea kupepeta mahindi yake. "Kwenye zahanati yako mtamkanda kwa nini, kwa mate?"

Nikamweleza kwamba tunaweza kuchemsha maji kwa sufuria. Akaangusha ungo. "Serikali imeleta tangi, mwenyekiti amesimama mbele ya watu ametuahidi, halafu mimi nibebe debe kichwani kutoka hapa? Tangi litoe maji ya moto, niyaone kwa macho yangu. Siku hiyo nitamleta mwenyewe." Na mama mkwe wangu akisema jambo limesemwa. Mwanawe mwenyewe, mume wangu, alinishauri nitafute njia ya kulifanya tangi litoe maji, maana njia ya kumbadilisha mama yake hakuijua.

Tangi lenyewe lilikuwa na mdomo juu, wa kutolea maji ya moto, na ndani ya mdomo huo mlikuwa na hesi. Mabomba tuliyokuwa nayo yalikuwa ya shaba nyekundu, laini nje, hayana hesi popote. Yalitoka kwenye nyumba ya meneja wa zamani wa shamba la mkonge, huko Korogwe, baada ya shamba kutaifishwa na nyumba kuachiwa popo. Kijiji kiliomba kikapewa. Bomba zuri, halipati kutu, linapindika kwa goti. Ila bomba laini huwezi kulizungushia kwenye hesi. Katikati lazima pawe na kiungo, kwa huku kibane bomba na kwa huku kishike hesi za tangi. Ndicho hicho nilichokuwa nakilaani hapo mwanzo.

Tulimleta fundi kutoka Manundu, kulekule Korogwe. Alikuwa Mzigua, mimi ni Mshambaa, kwa hiyo tangu anaweka mfuko wa vifaa chini utani ulianza. "Nyinyi maji yenu yanateremka yenyewe mlimani," aliniambia, "bomba mtalijulia wapi?" Nikamwambia afunge bomba kwanza, ndipo atutukane. Akakitoa kizibo cha plastiki chekundu kilichokuja kwenye mdomo wa tangi, akakitupa, akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya mdomo, akakizungusha, akafumba macho kidogo, akasema, "Robo tatu ya inchi."

"Una hakika?"

"Mama, kidole hiki kimepima mabomba ya nyumba za wazungu wote wa Korogwe."

Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa nikienda Korogwe kuchukua dawa, nikatumwa mimi kiungo. Nilipofika dukani, mwenye duka akaanza maswali. Bomba la shaba la kipimo gani? Nikatoa uzi wa bendeji niliouzungushia bomba nikaukata. Akaucheka. Akasema bomba la chuma hupimwa kwa tundu lake la ndani, bomba la shaba hupimwa kwa unene wa nje, na kwa hiyo nikisema robo tatu ya chuma si robo tatu ya shaba, na hata robo tatu ya chuma ukiipima kwa rula huioni hiyo robo tatu mahali popote. Nikamwuliza kwa nini basi wanaiita hivyo. Akasema ndivyo inavyoitwa. Kisha akauliza, hesi iwe dume au jike? Wanaume waliokuwa pale dukani wakaangalia chini. Nikamjibu kwa sauti kwamba mdomo wa tangi una hesi ndani, kwa hiyo ni jike, na mimi nataka dume, na kama kuna mwenye aibu atoke nje, mimi kazi yangu ni kuzalisha. Nikapewa dume la robo tatu, na upande wa pili pete na nati za kubana shaba yangu. Huo upande wa pili ulikaa sawasawa kwenye kipande cha bomba kama letu kilichokuwapo dukani. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Fundi alikizungusha kwenye mdomo wa tangi. Mzunguko wa kwanza kikaingia. Wa pili kikaingia. Wa tatu kikagoma. Akakitoa, akakipangusa, akajaribu tena, kikagoma palepale. Akatia spana kubwa, akaning'inia, chuma kikalia. Nikamwambia aache, atapasua tangi. Nikatazama mwenyewe. Meno ya kile kiungo na meno ya mdomo yalikuwa karibu sawa, na huko kukaribia ndiko kulikonitia wazimu. Kingekuwa kikubwa mno au kidogo mno tungejua. Hiki kilikubali kidogo, kikakataa, kama mtu anayekupa ahadi kwa nusu mdomo. Wafadhili wetu wa Ulaya hawakuwa Waingereza. Meno yao waliyakata kwa kipimo chao, na maduka yote ya Korogwe yalikuwa bado na meno ya mkoloni.

"Hii inahitaji katani tu," alisema fundi.

Wasiokulia Korogwe au Handeni hawawezi kuelewa neno hilo lilivyokuwa na nguvu. Sisi tumezungukwa na mkonge. Kamba ya mbuzi ni katani, kitanda ni katani, brashi, mkeka wa mlangoni, mpini uliolegea, yote ni katani. Bomba likivuja unasokota nyuzi za katani kwenye hesi, unapaka rangi ya mafuta, unakaza, limekwisha. Na kweli kwa hesi zinazooana haina mshindani. Lakini kwa watu wetu katani ilikwishakuwa jibu la kila swali. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akasema kweli, katani. Mume wangu, mwalimu mzima, akasema katani. Nikauliza, mkisokota katani, meno yatalingana? Wakanitazama kama mtu anayeuliza kama maji hulowesha.

Fundi akasokota. Akasokota mpaka hesi hazionekani tena, kiungo kimekuwa kinene cha manyoya, akapaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye milango ya shule, akakilazimisha mdomoni kwa mizunguko miwili ileile. Maji yakafunguliwa kutoka pipa la juu kwenye mnara wa miti. Hakukutoka hata tone. Fundi akanitazama. "Haya, Mshambaa, sema." Nilikuwa nataka sana awe amepatia, hilo nakiri, kwa sababu tumbo la wifi yangu lilikuwa likimtangulia kila alipoingia mlangoni.

Siku ya kuonyesha, mwenyekiti alikusanya watu. Mama mkwe akaja na kanga mpya, wifi akaja nyuma yake polepole, mkono kiunoni. Kuni zikawashwa. Tukasubiri, watu wakipiga soga, na kila mara mwenyekiti akienda kugusa tangi na kurudi akitikisa mkono kuonyesha lilivyo la moto. Koki ikafunguliwa, yakatoka maji ya vuguvugu, vigelegele vikaanza. Mama mkwe akaweka kiganja chini ya koki. Akatabasamu. Nilimwona anatabasamu, naapa, na nikamtazama wifi naye akatabasamu.

Kisha nje pakasikika mlio. Rangi ilikuwa imelainika kwa joto, katani imelegea, na ile mizunguko miwili haikuwa na nguvu ya kushika chochote. Kiungo kikaruka. Maji ya moto yakapanda juu hadi batini, yakashuka kwenye migongo ya watu, watu wakatawanyika wakipiga kelele, na mwenyekiti akakimbia mbele ya wote. Hakuna aliyeungua vibaya, Mungu mkubwa. Fundi alibaki amesimama na spana yake, akasema, "Katani ilikuwa kidogo."

Nilimwambia maneno ambayo utani hauyaruhusu.

Mama mkwe hakugomba. Angegomba ningepata pa kushika. Alimshika binti yake mkono, akaniambia kwa upole, "Hapa mwanangu hazalii," wakaondoka. Nikabaki nimesimama kwenye tope la maji ya moto nikilia kwa hasira, hasira kabisa, wala si huzuni. Tangi zima, mabomba yote, pipa, mnara, kuni, vyote vipo na vizima. Kinachokosekana ni unene wa kucha kati ya meno na meno.

Baada ya siku chache nikaenda kwake kumpima wifi. Kichwa cha mtoto kilikuwa bado juu, nikakadiria tuna muda. Wakati natoka, mama mkwe alikuwa akimimina mafuta ya taa kwenye kibatari kutoka kwenye galoni, na alipomaliza akaliziba galoni kwa kizibo chekundu cha plastiki alichokifunga kitambaa. Nikasimama.

"Mama, hicho kizibo umekitoa wapi?"

"Si ndicho kile alichokitupa fundi wenu? Kitu kizuri, kina meno. Mnatupatupa tu."

Nilikaa chini. Kizibo kile ndicho pekee ulimwenguni, kwa upande wetu wa ulimwengu, kilichokatwa hesi za tangi lile. Vidole, uzi wa bendeji, macho ya fundi, vyote vilikuwa vya nini wakati kipimo chenyewe kinaziba mafuta ya taa jikoni? Nikamwomba. Akanipa, lakini akataka nimletee kingine cha kuzibia, na nikamkatia gunzi la hindi palepale.

Mganga wa zahanati alikuwa ameitwa kwenye semina Handeni mjini, kwa hiyo nilifunga milango, nikafunga ufunguo, kizibo na kile kiungo kilichoruka kwenye pindo moja la kanga, nikaenda Korogwe. Nilipanga kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwenye duka alimwaga kisanduku chote mezani, tukajaribu kimoja kimoja, akakubali mwisho kwamba hana na hatakuwa nacho. Akanielekeza kwenye karakana ya kiwanda cha mkonge, yenye mashine ya kukereza chuma. Mkerezaji alikuwa na kazi ya mashine ya singa, yaani nyuzi za mkonge, akaniambia nikae. Nikakaa. Wakaenda kula, wakarudi, nikakaa. Akaniambia umeme umepungua, nirudi asubuhi. Nilitaka kumtia kizibo kile puani. Nikalala kwa shangazi yangu Manundu, na alfajiri nilikuwa mlangoni pa karakana kabla mlinzi hajatoka. Mkerezaji akachukua kile kiungo changu kilichoruka, akakata hesi zake zote, akachomea kipande kipya cha shaba ya njano, akachonga hesi mpya huku akipima kwa kizibo. Alipoyalaza meno yake ubavuni mwa meno ya kizibo, yakaingiliana mwanzo mpaka mwisho bila pengo. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Nilifika kijijini mchana jua likiwa kali. Kutoka barabarani niliona kanga zimetandazwa kama pazia kwenye baraza la zahanati, na akina mama wamesimama nje yake. Nilikimbia. Sikumbuki kama niliwaamkia.

Wifi alikuwa amelala kwenye mkeka, barazani, mgongo wake kwenye mlango niliofunga. Mtoto alikuwa analia ndani ya kitenge, wa kike, mzima, analia kwa hasira nzuri. Mama mkwe alikuwa amembana binti yake nguo katikati ya miguu kwa mikono yote miwili, na nguo ilikuwa imelowa. Pembeni palikuwa na mafiga na debe linachemka. Alinitazama mara moja tu. "Mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu," alisema.

Nikafungua pindo la kanga. Ufunguo, kizibo na kiungo vikaanguka pamoja. Nikampa mume wangu kiungo akampelekee fundi, maana fundi alikuwa bado yupo kijijini akinisubiri kwa aibu, na mimi nikaingia ndani na wifi. Nikampiga sindano, nikamkanda tumbo mpaka likakaza, damu ikapungua, ikakoma. Alikuwa amechanika. Nikatayarisha uzi, nikaanza kushona.

Nyuma ya ukuta nilisikia spana ya fundi, kisha moto, na baada ya muda koki ya chumbani ikakohoa hewa na maji yakaja, ya moto kweli, yanatoa mvuke. Hakuna kilichoruka. Mama mkwe alikinga beseni, akacheka kwa sauti. "Sasa hii ndiyo zahanati!" alisema, akatoka kuwaita wenzake waje kuona.

Tukabaki wawili. Nikamwambia wifi kwamba tumepona, tumechelewa kidogo tu, lakini sasa maji yapo, atakandwa kama mama alivyotaka.

"Wifi," alisema, macho kwenye dari, sauti imekwisha. "Hayo maji aliyataka mama. Uchungu uliponianza nilimwambia twende, maji yawepo yasiwepo. Akakubali. Mimi nilikuwa nakutaka wewe."

Nilimwambia atulie asijitikise, nikaendelea kushona.